Kuweka Kisanduku cha Chakula Mbele ya Nyumba Yako Marekani: Anza na Mpaka wa Kiwanja

Watu wengi wanaotaka kuweka kisanduku cha chakula mbele ya nyumba zao huanza na mbao, rangi na bawaba, na wengine huanza na mifuko ya mchele ambayo imekwisha kununuliwa. Nami nilianza hivyo hivyo. Wiki ya tatu nilikuta karatasi ya rangi ya chungwa imebandikwa kwenye mlango wa kisanduku, na katika karatasi hiyo hapakuwa na neno hata moja kuhusu chakula: ilinieleza kwamba nimesimamisha kitu kisichoruhusiwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi kando ya barabara ulio chini ya mamlaka ya jiji, na kwamba nilikuwa na siku 14 za kukiondoa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na ardhi, na chakula tutakifikia baadaye, kwa kuwa mkaguzi wa jiji hukiona kisanduku kuwa jengo kabla hajakiona kuwa kitu cha kutunzia chakula.

Kisanduku ninachokizungumzia ni kile kikabati chenye mlango wa kioo, kilichosimamishwa juu ya nguzo karibu na njia ya waenda kwa miguu, ambamo mpita njia huweka kopo la maharage au hulichukua, bila kuandikisha jina wala kuulizwa kipato chake. Umbo lake limetokana na maktaba ndogo za Todd Bol, ambaye mwaka 2009, huko Hudson, Wisconsin, alitengeneza kisanduku cha vitabu chenye sura ya shule ya chumba kimoja ili kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu. Mwaka 2016 Jessica McClard wa Fayetteville, Arkansas, alilichukua wazo hilo na kuweka chakula na vitu vya usafi mahali pa vitabu. Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili katika miji ya Marekani, tuwe tumetoka Bukavu, Mombasa au Tabora, kisanduku cha aina hii kina faida ya wazi: mtu anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani hawezi kufika kwenye kituo cha msaada kinachofunguliwa Jumanne saa nne asubuhi na kufungwa saa saba mchana, na mama aliyefika nchini mwezi uliopita huogopa fomu kuliko anavyoogopa njaa.

Sheria inayohusika ni ya nani

Hakuna sheria ya nchi nzima inayoruhusu au kukataza kisanduku kama hiki. Matumizi ya ardhi hupangwa na jiji, na mahali ambapo hakuna jiji hupangwa na kaunti, kwa sheria ndogo ambazo nyingi zilitungwa kabla mtu yeyote hajawaza kabati la chakula juu ya nguzo. Kwa hiyo afisa akiulizwa, hutafuta katika orodha yake kitu kinachofanana nacho: banda la bustani, bango la tangazo, uzio, sanduku la barua. Jina atakalolichagua ndilo litakaloamua kama unahitaji kibali, kama unaweza kuweka mbele ya nyumba, na kama utalipa ada.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa vitabu. Mwaka 2014 jiji la Leawood, Kansas, liliitaka familia ya mtoto wa miaka 9 iondoe maktaba ndogo iliyokuwa mbele ya nyumba yao, kwa kuwa sheria ndogo za jiji zilikataza majengo yaliyojitenga na nyumba katika uwanja wa mbele, na kisanduku kile kilihesabiwa kuwa mojawapo. Mtoto alikwenda kusema mbele ya baraza la jiji, na mwezi Julai baraza likasimamisha kwa muda matumizi ya katazo hilo kwa maktaba za namna hiyo. Vitabu haviozi wala havivuti panya, na bado vilifikishwa barazani. Mwenye chakula ajiandae zaidi. Baadhi ya miji imekwisha kuandika vifungu mahususi kwa ajili ya maktaba ndogo, na ukivikuta katika mji wako visome kwa makini, kwa sababu tofauti kati ya kifungu kinachotaja “vitabu” na kinachotaja “vitu vya kugawana” ni tofauti kati ya kuwa na ruhusa na kutokuwa nayo.

Mpaka wako uko wapi

Msomaji aliyewahi kuishi Tanzania anaijua alama ya X inayopakwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara, ishara kwamba itabomolewa. Hifadhi hiyo iko Marekani pia, ila hapa haionekani kwa macho, kwa kuwa imefunikwa na majani mazuri ambayo wewe mwenyewe unayakata kila Jumamosi. Katika mitaa mingi kuna barabara, kisha ukanda mwembamba wa majani, kisha njia ya waenda kwa miguu, kisha uwanja wa nyumba. Jiji hukutaka uufyeke ukanda ule na uondoe theluji kwenye njia, lakini kazi hiyo haikufanyi kuwa na mamlaka ya kuamua kinachosimama pale. Isitoshe, mara nyingi hifadhi haiishii kwenye njia ya miguu, bali huendelea futi moja, mbili au zaidi kuelekea mlango wako. Hapo ndipo wengi tunaponaswa.

Kujua mpaka si kazi ngumu. Kaunti nyingi zina ramani ya viwanja kwenye mtandao ambayo unaifungua kwa kuandika anwani yako, ingawa mistari yake ni ya kukadiria na haifai kuwa ushahidi. Iliyo bora ni ramani ya mpima ardhi, ambayo mara nyingi imo ndani ya bahasha nene uliyopewa siku ya kununua nyumba. Yangu ilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya vijitabu vya maelekezo ya mashine ya kufulia, na ilionyesha kwamba mpaka wangu unaanzia futi 4 kutoka ukingo wa njia ya miguu, upande wa nyumba. Nilitafuta bikoni za chuma kwenye pembe mbili za mbele, nikafunga uzi kati yake, nikapima kwa tepu. Jirani yangu mzee alitoka kuuliza kama nauza kipande cha ardhi. Kisanduku changu cha kwanza kilikuwa kimeuvuka uzi ule kwa futi 3 na nusu.

Ukishaupata mpaka, hujamaliza. Miji mingi hutaka kila kilichojengwa kirudi nyuma umbali fulani kutoka mpaka huo, na kwa vitu vidogo umbali huo unaweza kupunguzwa au kuondolewa kabisa. Hilo ni swali la kuuliza, usilikisie. Ikiwa nyumba yako iko kwenye kona, kuna pembetatu ya uwanja, mara nyingi yenye futi 20 hadi 30 kila upande kutoka penye makutano, ambayo haitakiwi kuwa na kitu chochote cha kumziba dereva asione. Acha angalau futi 3 kuzunguka bomba la zimamoto. Usikipigilie kisanduku kwenye nguzo ya umeme, ambayo si yako, wala usikiunganishe na sanduku la barua, ambalo linatawaliwa na sheria za posta za shirikisho.

Kuna pia suala la watu wenye ulemavu, nalo husahaulika kuliko yote. Viwango vya ufikivu vya shirikisho huweka vitu vya kushikwa kwa mkono kati ya inchi 15 na 48 kutoka ardhini, ili mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu avifikie. Hata kama jiji lako halikulazimishi, panga rafu na kitasa ndani ya vipimo hivyo, na hakikisha kwamba mlango ukifunguliwa hautokezi juu ya njia, kwa sababu asiyeona, anayepapasa chini kwa fimbo, ataigundua nguzo lakini hataugundua mlango ulio usawa wa kifua chake.

Kabla ya kuchimba shimo, piga namba 811, ya kuomba nyaya na mabomba yaliyo chini ya ardhi yatiwe alama, siku tatu au nne za kazi mapema. Huduma hii ni ya bure na ipo nchi nzima. Watakuja kupaka rangi juu ya majani kuonyesha kilichopita chini: njano ni gesi, nyekundu ni umeme, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni majitaka, na chungwa ni nyaya za simu na intaneti. Shimo la nguzo lina kina cha futi 2 tu, lakini waya wa intaneti unaweza kuwa chini ya majani kwa inchi chache, na mtaa mzima ukikatikiwa na intaneti kwa sababu ya kisanduku chako hakuna atakayekusifu kwa ukarimu.

Namna ya kuuliza jijini

Idara inayohusika ni ya mipango miji, na katika miji midogo huenda ni mtu mmoja ambaye pia hutoa vibali vya ujenzi. Andika barua pepe, usipige simu, kwa sababu unahitaji jibu lililoandikwa. Swali lenyewe lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Ukiuliza kama unaruhusiwa “kugawa chakula”, swali lako litapelekwa kwa watu wa afya, nao watakujibu kwa kanuni za mikahawa. Usifiche habari ya chakula, lakini anza na kitu kinachosimama juu ya ardhi, kwa vipimo. Barua yangu ya pili, niliyoiandika baada ya ile karatasi ya chungwa, ilikuwa hivi nikiifasiri kwa Kiswahili:

“Ninaomba kusimamisha kabati la mbao lisilo na umeme, lenye upana wa inchi 24, kina cha inchi 16 na kimo cha futi 5 pamoja na nguzo, ndani ya kiwanja changu, futi 1 nyuma ya mpaka wa mbele kama inavyoonekana kwenye mchoro niliouambatanisha. Ndani yake kutawekwa vyakula vikavu na vya makopo ambavyo havijafunguliwa, vya kuchukuliwa bure. Hakutakuwa na mauzo wala tangazo. Je, kabati hili linahitaji kibali, na kama linahitaji, ni chini ya kifungu kipi? Je, idara ya afya ya kaunti inapaswa kuarifiwa?”

Angalia maneno “chini ya kifungu kipi”. Afisa anayelazimika kutaja kifungu hukisoma kwanza, na akishakisoma mara nyingi hugundua kwamba hakikatazi alichokuwa akidhani kinakatazwa. Mchoro nao usiudharau: karatasi moja yenye nyumba, njia, mpaka na nukta ya kisanduku, pamoja na umbali kwa futi, humwondolea afisa safari ya kuja kupima.

Asiye na kauli ya mwisho juu ya ardhi

Jiji likikubali, bado kuna wenye haki nyingine juu ya ardhi hiyo. Mpangaji asome mkataba wake wa pango na kuomba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Neno la “sawa tu” alilolisema akiwa garini halitamsaidia siku meneja mpya atakapokuja. Anayeishi katika mtaa wenye chama cha wamiliki wa nyumba, ile HOA tunayoilalamikia kwenye kila harusi, ajue kwamba masharti ya chama yanaweza kuwa makali kuliko ya jiji na kwamba kibali cha jiji hakiyafuti. Chama kinaweza kukutoza faini kwa rangi ya mlango, sembuse kwa kabati jipya. Peleka ombi kwa kamati yao ya michoro kabla ya kununua mbao, na pendekeza kisanduku chenye rangi ya nyumba yako na paa la aina ileile. Kamati hizi huhukumu kwa macho.

Piga simu pia kwa kampuni ya bima ya nyumba, uulize kama mgeni akijikwaa kwenye nguzo au akikatwa na kioo cha mlango atalipiwa chini ya bima uliyo nayo. Ni mazungumzo ya dakika kumi. Mimi niliambiwa nibadilishe kioo niweke plastiki ngumu, nami nikafanya hivyo.

Iwapo vizuizi vyote hivi vinakushinda, fikiria uwanja wa kanisa au msikiti wenu. Taasisi hizo huwa na ardhi pana, bima yao wenyewe na usajili wa shirika lisilo la faida, na usajili huo una maana kisheria, kama nitakavyoeleza.

Chakula chenyewe

Kanuni iliyo salama karibu kila mahali ni hii: chakula kikavu, kilichofungwa kiwandani, chenye lebo inayosomeka. Mchele, maharage, unga wa mahindi, tambi, makopo ya samaki na mboga, siagi ya karanga, chumvi, majani ya chai. Sabuni, nepi na pedi huchukuliwa haraka kuliko chakula, na hazina mgogoro wowote na idara ya afya. Sambusa, chapati na mandazi yaliyopikwa nyumbani yasiwekwe, hata kama mpishi anaheshimika mtaa mzima. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa 2 katika joto lililo kati ya nyuzi 40 na 140 za Fahrenheit, yaani nyuzi 4 hadi 60 za Selsiasi, na hewa ikivuka nyuzi 90 za Fahrenheit muda huo hushuka hadi saa 1; ndani ya kisanduku hakuna anayejua kimekaa kwa muda gani. Chupa za chakula kilichosindikwa nyumbani ni hatari zaidi, kwa sababu sumu ya botulini haibadilishi harufu wala rangi ya chakula. Siku moja nilikuta chupa nzuri ya achari ya maembe, imefungwa kwa kitambaa na utepe, na iliniuma kuitupa, lakini niliitupa.

Tarehe zilizo kwenye pakiti huwachanganya wengi. Serikali ya shirikisho hulazimisha tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye bidhaa moja tu, nayo ni maziwa ya unga ya watoto wachanga; hayo yakishapita tarehe yaondoe bila mjadala. Tarehe nyingine nyingi hueleza ubora tu, na kopo la nyanya lililopita tarehe kwa mwezi mmoja huwa salama likiwa halijavimba, halijapata kutu na halijabonyea kwenye mshono. Hali ya hewa ina neno zaidi kuliko tarehe. Minnesota wakati wa baridi makopo huganda na kupasuka; Texas mwezi Julai ndani ya kabati lililofungwa huwa tanuri, na mafuta ya kula huchacha upesi. Toboa matundu ya hewa pembeni, uyazibe kwa wavu wa chuma mwembamba. Mifuko ya unga na mchele iweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, maana malalamiko ya kwanza ya majirani huwa ni panya, na kwa malalamiko hayo jiji huja upesi.

Kuhusu friji ushauri wangu ni mfupi: usianze nayo. Inahitaji umeme, kipimajoto na mtu wa kuikagua kila siku, na kanuni za miji mingi haziruhusu friji kukaa nje ya nyumba. Ukali huo una historia. Milango ya friji za zamani ilifungwa kwa komeo lisilofunguka kutoka ndani, na watoto waliojificha humo wakicheza walikufa, hadi sheria ya shirikisho ya mwaka 1956 ilipowalazimisha watengenezaji kuweka milango inayofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani.

Sasa kuhusu kushtakiwa. Wengi husema kwamba sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 yenye jina la Bill Emerson inamkinga kila anayetoa chakula. Inamkinga anayetoa kwa nia njema chakula kinachoonekana kuwa salama, isipokuwa pakiwa na uzembe uliokithiri au nia ya kudhuru, lakini ilijengwa juu ya utoaji unaopitia shirika lisilo la faida. Marekebisho yaliyotiwa saini Januari 2023 yaliongeza kinga kwa baadhi ya wanaompa mhitaji moja kwa moja, kama vile maduka ya vyakula, mikahawa, wakulima na shule. Mwenye nyumba mwenye kisanduku hakutajwa humo. Baadhi ya majimbo yana kinga pana zaidi, na inafaa kusoma ya jimbo lako. Hii ndiyo sababu nasisitiza kisanduku kiwe chini ya jina la kanisa, msikiti au jumuiya iliyosajiliwa, hata kikisimama kwenye kiwanja chako.

Notisi ikija

Usikiondoe kisanduku usiku huo kwa hasira, wala usiidharau karatasi. Soma kifungu kilichotajwa, tazama siku ya mwisho, kisha umwandikie mkaguzi kabla ya siku hiyo, ukieleza utakachofanya na lini. Wakaguzi wengi hufuata malalamiko, hawazunguki kutafuta makosa, kwa hiyo jiulize ni jirani gani aliyelalamika na kuhusu nini. Mara nyingi tatizo ni magari yanayosimama mbele ya geti lake, na hilo hutatuliwa kwa kukihamisha kisanduku upande mwingine wa uwanja. Kifungu chenyewe kikiwa kibaya, una haki ya kukata rufaa, na una haki ya kusema katika kikao cha baraza, ambako kwa kawaida hupewa dakika 3. Nenda na mchoro, picha moja na majirani wawili wanaokubaliana nawe, na umwombe diwani wako mapema apendekeze kifungu kinachotaja kisanduku kwa jina lake, vipimo vyake na umbali wake kutoka mpaka.

Mimi nilihamisha kisanduku changu futi 4 na nusu kuelekea nyumba, na jibu la jiji lililotaja kifungu nimelifunika kwa plastiki na kuliparafujia upande wa ndani wa mlango, juu kidogo ya namba ya simu ya jumuiya yetu. Mwaka uliofuata mkaguzi mwingine alisimamisha gari mbele ya nyumba, akafungua mlango wa kisanduku, akaisoma ile karatasi hadi mwisho, akaufunga mlango na kwenda zake.